Alifungwa Saba, Akarudi Langoni: Niliyojifunza kwa P. R. Sreejesh

Kila kipa wa mpira wa magongo hapa Tanzania, mapema au baadaye, husimuliwa habari ya Moscow. Mwaka 1980 nchi nyingi zilisusia Michezo ya Olimpiki, nafasi zikabaki wazi kwenye mashindano ya magongo ya wanaume, na Tanzania ikaalikwa kuziba mojawapo. Zilikuwa timu 6 tu. Tulikutana na India, na India ikatufunga 18–0. Kabla Julai haijaisha, India hiyo hiyo iliifunga Hispania 4–3 kwenye fainali na kubeba dhahabu. Wazee wa Kigoa na Masingasinga waliolea mchezo huu nchini wanaweza kukueleza mengi kuhusu kizazi kile cha wachezaji wetu. Vijana wengi wanachokijua ni namba tu: kumi na nane. Klabuni kwetu, kipa akianza kuokota mipira wavuni, hakosekani mtu wa kumkumbusha Moscow.

Mimi nimekaa langoni miaka mingi kwenye klabu ya hapa Dar es Salaam, na siku hizi nafundisha makipa wadogo. Namba ile niliibeba kama kipa anavyobeba kila kitu kinachoingia nyuma yake. Nilipoanza kufuatilia magongo ya India kwa makini ndipo nilipoiona kwa sura nyingine. Dhahabu ya Moscow ilikuwa medali ya mwisho ya Olimpiki ya nchi ile katika mchezo huo kwa miaka 41. Nchi iliyokuwa imetwaa dhahabu 8, nchi iliyowatandika Wamarekani 24–1 huko Los Angeles mwaka 1932, ilikaa miaka 41 bila hata shaba. Na ilipofika siku ya kuvunja ukame huo, mtu aliyesimama katikati ya tukio lenyewe alikuwa kipa. Jina lake Parattu Raveendran Sreejesh. Sijawahi kukutana naye, lakini sina mwalimu aliyenifundisha kazi hii kuliko yeye.

Sreejesh alizaliwa Kizhakkambalam, kijiji cha wilaya ya Ernakulam katika jimbo la Kerala, kusini kabisa mwa India, katika nyumba ya wakulima. Akiwa na miaka 12 alijiunga na shule ya michezo ya G. V. Raja mjini Thiruvananthapuram. Alikwenda kama mwanariadha: alikuwa mkimbiaji wa mbio fupi, akajaribu kuruka chini, akajaribu mpira wa wavu. Kocha wa magongo ndiye aliyemwona na kumwambia asimame langoni. Mtu anayejua India atakwambia kwamba Kerala si kwao magongo. Wachezaji hutoka Punjab, Haryana, Odisha na Jharkhand. Kerala wana mpira wa miguu, wana wavu, wana riadha. Kabla yake, Mkerala aliyekuwa amepata medali ya Olimpiki ya magongo alikuwa kipa pia, Manuel Frederick wa Kannur, shaba ya Munich mwaka 1972, enzi ambazo makipa walisimama mbele ya mpira ule karibu kama walivyozaliwa.

Halafu ikaja habari ya vifaa, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu asiyewahi kukaa langoni haielewi. Mpira wa magongo ni mgumu kama jiwe na una uzito wa gramu 160 hivi. Kipa anahitaji padi za miguuni kuanzia juu ya kifundo hadi juu ya goti, viatu vya sponji nene vinavyofunika viatu vyenyewe, glovu mbili zisizofanana, moja ya kushikia gongo na nyingine bapa ya kupangulia, kinga ya kifua, kinga ya mapaja na nyonga, kinga ya koo, na helmeti yenye wavu wa chuma usoni. Mchezaji wa mbele anaanza na gongo, kinga za ugoko na kinga ya meno. Kwa bei ya seti moja nzuri ya kipa unavisha karibu nusu ya timu. Baba yake Sreejesh, Mzee Raveendran, aliuza ng'ombe ili mwanawe apate padi zake za kwanza.

Nilipoisoma habari hiyo niliweka simu chini. Sisi tunaotoka katika familia zenye ng'ombe mmoja au wawili tunajua maana ya kuuza ng'ombe wa maziwa. Unauza maziwa ya watoto, unauza ada ya muhula ujao, unauza akiba ya siku ya ugonjwa. Na baba huyu hakuuza ili mtoto aende chuo. Aliuza kwa ajili ya mchezo ambao kijijini kwao hakuna aliyekuwa akiucheza.

Klabuni kwetu seti ilikuwa moja. Kipa wa timu ya wanaume akimaliza, anavua, wa timu ya wanawake anavaa, kisha wa vijana. Sponji inakuwa imelowa jasho la watu watatu, mikanda imekatika na kuungwa kwa kamba za viatu, helmeti inacheza kichwani kwa mdogo na inambana mkubwa. Padi ya kushoto ilikuwa imechoka pembeni, karibu na goti, na washambuliaji wote wa Dar walilijua tundu lile. Nilijifunza kuzuia kwa kuuelekezea mpira sehemu iliyobaki nzima. Ndiyo maana leo, mzazi akiniuliza mtoto wake anunuliwe nini kwanza, sizungumzii gongo zuri wala jezi. Namwambia helmeti na kinga ya koo, vingine tutaazimana.

Kuna jambo la pili katika ujana wa Sreejesh ambalo limebadilisha namna yangu ya kufundisha. Kwetu kipa huwa ni mtoto aliyebaki. Watoto wanagawana nafasi, wenye mbio wanakwenda mbele, wenye miguu mizito wanakwenda nyuma, na yule ambaye hakuna anayemtaka anavalishwa padi. Yule kocha wa Kerala alimchukua mkimbiaji, mrukaji, mtoto mwenye miguu ya haraka na macho ya haraka, akamweka langoni. Tangu nilipolielewa hilo, nikienda shuleni kutafuta kipa huwa natazama kwanza wanaocheza wavu, nyavu ya kamba imefungwa kati ya miembe miwili. Anayejirusha chini kuuokoa mpira bila kufikiria magoti yake, huyo ndiye ninayemfuata. Walimu wa michezo hawapendi, wanasema nawachukulia wachezaji wao wazuri. Nawaambia ukweli kwamba ndicho nilichokuja kufanya.

Baada ya hapo Sreejesh alisubiri. Ukiangalia picha za Olimpiki ya Tokyo, alikouvunja ukame ule, unaweza kudhani mtu huyu alizaliwa shujaa. Timu ya taifa ya vijana aliingia mwaka 2004. Timu ya wakubwa mwaka 2006, kwenye Michezo ya Asia Kusini huko Colombo. Kisha ikapita miaka akiwa nyuma ya makipa Adrian D'Souza na Bharat Chetri, leo yumo, kesho hayumo. Mwaka 2008 India ilishindwa hata kufuzu Olimpiki ya Beijing, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka 80. Nafasi yake ilianza kutulia mwaka 2011. Akafika London mwaka 2012, Olimpiki yake ya kwanza, na India ikapoteza mechi zote na kumaliza ya 12 kati ya timu 12. Hebu fikiria mtu aliyeanza mwaka 2004 anafika mwaka 2012 na alichonacho mkononi ni nafasi ya mwisho Olimpiki.

Mshambuliaji wa akiba huingia dakika yoyote. Mabadiliko katika magongo hayana idadi, watu wanaingia na kutoka kama abiria wa daladala. Kipa wa akiba anaweza kumaliza msimu mzima hajagusa mpira. Miaka yangu ya akiba ilinisumbua sana, na kilichonisaidia ni kuacha kukaa benchi. Niliomba nikae nyuma ya lango letu, nje ya uwanja, mechi nzima. Kutoka pale unaona kila kitu anachokiona kipa, bila hofu ya kipa. Nilianza kujua nani anainamisha bega kabla ya kupiga kulia, nani akipewa mpira upande wa kushoto lazima aurudishe kulia kwa sababu hawezi kupiga kinyume. Nilipopewa lango nilikuwa nimeshawasoma wote. Makipa wangu wa akiba leo wanakaa pale pale, na baada ya mechi wao ndio huzungumza kwanza, kabla ya aliyecheza.

Sasa niseme juu ya sauti, maana hapo ndipo Sreejesh alipo mkubwa kuliko makipa wengi niliowaona. Kerala wanazungumza Kimalayalam. Kihindi si lugha ya kwao, na mabeki waliokuwa mbele yake wengi ni watu wa Punjab na Odisha. Huyu ni mtoto wa kusini aliyelazimika kuamrisha watu wa kaskazini kwa lugha aliyojifunza ukubwani. Ukiitazama mechi yake yoyote yenye sauti nzuri ya uwanjani, hasa zile za Tokyo zilizochezwa bila watazamaji, utamsikia kuanzia filimbi ya kwanza. Hanyamazi. Mpira uko upande wa pili wa uwanja, lango lake halina hatari yoyote, naye anapanga watu. Anaita majina. Hapigi kelele za kutia moyo tu, anatoa maelekezo: nani asogee, nani abaki, nani yuko peke yake mgongoni kwa beki.

Nilikuwa kipa mkimya. Nyumbani nililelewa kutopaza sauti mbele ya wakubwa, na mabeki wangu walikuwa kaka zangu kwa umri, wengine ningewaamkia shikamoo asubuhi na jioni niwaambie wasogee. Niliona aibu. Kisha nikagundua kwamba mabao mengi tuliyofungwa yalikuwa yameonekana na mtu mmoja tu kabla hayajatokea, nami ndiye mtu huyo. Nikaanza taratibu. Nilimfuata beki wetu mkongwe kabla ya mazoezi, nikamwomba ruhusa: kaka, nikikuita uwanjani kwa jina tupu, nisamehe, hakuna nafasi ya heshima pale. Akacheka, akasema mimi nina macho mbele tu, wewe ndiye macho yangu ya nyuma, niite unavyotaka. Tangu siku ile nilikuwa kipa mwingine. Mipira mizuri kabisa niliyowahi kuokoa sikuigusa. Ilizuiwa na beki aliyepiga hatua mbili kushoto kwa sababu nilimwita.

Mazoezi ninayoyapenda kuliko yote siku hizi ni haya: nampa kipa mtoto kazi ya kukaa langoni bila gongo, mikono nyuma, haruhusiwi kuzuia chochote. Ana mdomo tu. Mabeki wanne mbele yake, washambuliaji watano. Dakika za mwanzo anafungwa kila mpira na analalamika. Baadaye anaanza kuita. "Juma, kulia kwako! Toka, toka, mkabe!" Ukimrudishia gongo baada ya hapo, unamwona amesimama tofauti.

Nirudi kwa Sreejesh mwenyewe. Kati ya London na Tokyo kuna mengi nitayapitia haraka. Mwaka 2014, kwenye fainali ya Michezo ya Asia huko Incheon, alisimama dhidi ya Pakistan, mechi ikaisha 1–1, India ikashinda 4–2 kwa mikwaju ya kuamua na kupata dhahabu iliyoipeleka moja kwa moja Olimpiki ya Rio. Rio mwaka 2016 alikwenda akiwa nahodha, wakatolewa na Ubelgiji robo fainali. Mwaka 2017 goti lake liliumia kwenye Kombe la Sultan Azlan Shah nchini Malaysia, akakaa nje miezi mingi, na wapo waliodhani amekwisha. Kipa bila goti ni nini? Alirudi mwaka 2018.

Tokyo ikafanyika mwaka 2021. India iliifunga New Zealand 3–2 kwenye mechi ya kwanza. Jumapili, tarehe 25 Julai, wakakutana na Australia, wakafungwa 7–1.

Saba. Nilikuwa naitazama mechi ile kwenye simu na kadiri mabao yalivyoongezeka nilianza kumtazama kipa tu, nikiuacha mpira. Nilitaka kuona anafanya nini baada ya la nne, baada ya la tano. Alikuwa akiurudisha mpira, akirekebisha mikanda, akiita mabeki. Baada ya la sita aliendelea kuita. Sauti haikupungua. Nikajiambia nisubiri mechi ijayo nione atakayesimama langoni, kwa sababu najua kwetu kingetokea nini. Kipa akifungwa saba, mechi inayofuata yuko benchi, na wakati mwingine msimu unaofuata hayupo kabisa.

Siku mbili baadaye India ilicheza na Hispania. Sreejesh alikuwa langoni. India ilishinda 3–0.

Nimeyarudia matokeo ya mashindano yale mara nyingi kuliko ninavyorudia mambo mengine ya muhimu. Wakaifunga Argentina 3–1, Japani 5–3, Uingereza 3–1 robo fainali. Nusu fainali Ubelgiji ikawafunga 5–2. Kwenye mechi ya kutafuta mshindi wa tatu, Ujerumani ikaongoza 3–1 na mwishowe ikalala 5–4. Jumlisha mabao aliyofungwa katika mechi nane: ni 23. Mabao 23, na nchi nzima ikalia kwa furaha, na mwaka ule Shirikisho la Kimataifa la Magongo likamtangaza kipa bora wa dunia. Nikiwaambia makipa wangu namba hiyo hawaamini. Wao wamefundishwa kwamba kipa mzuri ni asiyefungwa. Katika magongo hakuna mtu wa namna hiyo. Lango lina upana wa mita 3.66 na urefu wa mita 2.14, mpira unakuja kwa kasi inayopita kilomita 100 kwa saa, na anayepiga yuko umbali wa mita 14 na ushei, wakati mwingine karibu zaidi. Utafungwa. Kazi ni mpira unaofuata.

Mechi ile ya Ujerumani, tarehe 5 Agosti, huku kwetu ilianza saa kumi na nusu alfajiri. India ikiongoza 5–4, zikiwa zimebaki sekunde zisizofika saba, Ujerumani ikapata penalti kona. Kwa asiyeijua: watu watano tu wa timu inayolinda, kipa mmoja wao, wanasimama nyuma ya mstari wa lango. Mpira unachezwa kutoka pembeni ya mstari huo kwenda juu, ukingoni mwa nusu duara, unatulizwa na mmoja, unaburutwa na kurushwa na mwingine. Yote hayo ni kama sekunde moja na nusu. Mlinzi mmoja, yule wa kwanza kutoka, anamkimbilia mpigaji uso kwa uso kupunguza pembe, akijua mpira unaweza kumpiga mwilini. Upande wa India kazi hiyo ngumu alikuwa akitegemewa Amit Rohidas. Kipa anatoka hatua kadhaa, anajikita, anasoma bega na kiwiko cha mpigaji. Na hata muda ukiisha, penalti kona lazima ikamilishwe. Hakuna kukimbilia saa.

Sekunde zile kabla mpira haujachezwa ndizo ninazowaonyesha wanafunzi. Wajerumani wanapangana. Sreejesh anazungumza na wanne waliobaki, mmoja mmoja, kwa mkono na kwa mdomo. Haruki, hajipigi kifua. Miaka yote ile, tangu mwaka 2004, kusubiri nyuma ya wenzake, kushika mkia London, goti, saba za Australia, inaingia kwenye mpira mmoja, na yeye anapanga watu kama vile ni Jumanne ya mazoezi. Mpira ukachezwa, Lukas Windfeder akaupiga, Sreejesh akauzuia. Basi. Medali ya kwanza tangu Moscow. Baadaye akapanda juu ya lango, akaketi kwenye mwamba na padi zake miguuni. Nyumbani kwangu wote walikuwa wamelala. Nilitoka nje nikatembea hadi barabarani na kurudi, nikitafuta mtu wa kumwambia.

Miaka mitatu baadaye, Paris, alikwenda akiwa ameshatangaza kwamba hayo ndiyo mashindano yake ya mwisho. Robo fainali na Uingereza, tarehe 4 Agosti 2024, dakika ya 17, Rohidas akapewa kadi nyekundu. Mtu yule yule wa kutoka kwanza kwenye penalti kona. India ikacheza zaidi ya dakika 40 ikiwa na watu 10, ikamaliza 1–1, ikaja mikwaju ya kuamua, ya mmoja kwa mmoja. Mshambuliaji anaanzia mstari wa mita 23, ana sekunde 8, kipa anaruhusiwa kutoka anavyotaka. Makipa wengi wachanga hufa hapo kwa haraka. Wanatoka mbio, wanajilaza sekunde ya tatu, mshambuliaji anawazunguka na kufunga lango tupu. Mtazame Sreejesh siku ile: anatoka, lakini anabaki kwenye miguu yake kadiri inavyowezekana, anamsukuma mshambuliaji pembeni, anamwachia muda umalizike. India ikashinda 4–2. Tunalifanyia kazi hili kila wiki. Nasimama pembeni nahesabu kwa sauti, moja hadi nane, na kipa haruhusiwi kwenda chini kabla ya tano. Ni zoezi linalowachosha mapaja na wanalichukia.

Wakapoteza nusu fainali kwa Ujerumani, 3–2, kisha tarehe 8 Agosti wakaifunga Hispania 2–1 kwa mabao mawili ya nahodha Harmanpreet Singh. Shaba ya pili mfululizo, jambo ambalo India haikuwa imelifanya tangu mwaka 1968 na 1972. Nahodha akambeba Sreejesh mabegani. Shirikisho la India likaistaafisha jezi yake namba 16 katika timu ya wakubwa. Tuzo zake ni nyingi: Khel Ratna, tuzo kubwa kabisa ya michezo nchini India, Padma Bhushan, nishani ya heshima ya taifa hilo, kipa bora wa dunia mara tatu, mwaka 2021, 2022 na 2024. Sizirefushi, zinapatikana kirahisi.

Kilichonigusa zaidi ni alipokwenda baada ya hapo. Hakuchukua mapumziko marefu, alikabidhiwa timu ya taifa ya vijana wa kiume, na Desemba ya mwaka ule ule alikuwa nao Muscat, Oman, wakatwaa Kombe la Asia la Vijana kwa kuifunga Pakistan 5–3 kwenye fainali. Ndugu zetu walioko Muscat huenda walipita nje ya uwanja ule bila kujua aliyekuwa ndani. Yeye aliyekaa miaka akisubiri ndiye aliyekuwa akiamua kijana gani asubiri na kijana gani aingie, na natamani kumuuliza jambo moja tu: alimwambiaje yule aliyebaki?

Maana hilo ndilo linalonikabili mimi. Mwaka huu kwenye mashindano ya shule kipa wangu mmoja, mtoto wa kidato cha pili, alifungwa saba. Alitoka uwanjani helmeti ikiwa bado kichwani ili watu wasimwone uso. Mwalimu aliyeambatana na timu akaniita pembeni, akasema kesho yake tumweke mwingine, huyu amevunjika. Alikuwa anasema kwa huruma, si kwa ubaya. Nilimwambia hapana mwalimu, kesho atasimama yeye, na kama kuna wa kulaumiwa niandikeni mimi. Kisha nikaenda kukaa na mtoto chini ya mti. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Halafu akauliza, "Kocha, kesho nani langoni?"

"Wewe."

"Na nikifungwa tena?"

"Utaurudisha mpira katikati, utafunga mikanda, utamwita beki wako."

Sikumwambia habari ya Tokyo usiku ule. Alikuwa amechoka, na mtoto aliyetoka kufungwa saba hahitaji kusikia habari za bingwa. Nilimsaidia kufua jezi, tukaanika padi ukutani zikauke.

Kesho yake alifungwa matatu, tukapoteza 3–2. Mawili kati ya yale matatu yalipita upande wake wa kushoto, chini, karibu na nguzo, kwa sababu anachelewa kuuhamishia uzito mguu ule. Lakini nusu ya pili nilimsikia kutoka upande wa pili wa uwanja akiita majina. Sasa tunafanya kazi ya mguu wa kushoto Jumanne na Alhamisi, na mwenye padi za kushoto zinazomtosha kijana wa miaka 15, hata zilizochoka, azilete uwanjani.